Papa aliwabeba, au walibebwa na plastiki?

Chitete, Momba. Mtu aliyewahi kumshika kambare akiwa hai hahitaji kufundishwa maana ya kuteleza. Samaki huyu hana magamba, amejaa ute mwili mzima, na ukizidi kumbana ndivyo anavyozidi kuchomoka mkononi. Katika ukanda huu wa Mkoa wa Songwe, ambako Mto Momba unateremka kwenda Ziwa Rukwa, hayo ni mambo ya kila siku. Papa ndiye wa kusimuliwa. Kutoka Tunduma hadi Bahari ya Hindi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900.

Lakini ni papa, samaki wa mbali, aliyezua moja ya ugomvi mkubwa kabisa katika michezo ya karne hii. Ni ugomvi ambao shabiki wa Simba au Yanga ataudaka mara moja, hata kama hajawahi kutazama mashindano ya kuogelea zaidi ya dakika tano, kwa sababu swali lake ndilo lile la vijiweni kila Jumatatu: jamaa alishinda, au alibebwa?

Safari hii aliyetuhumiwa kubeba hakuwa refa. Ilikuwa nguo.

Ngozi yenye meno

Ukimpapasa papa kutoka kichwani kwenda mkiani, ngozi yake ni laini. Rudisha mkono kinyume, utakwaruzika. Sababu ni kwamba papa hana magamba kama ya perege. Ngozi yake imejaa vijimeno vidogo sana, vya asili moja na meno ya mdomoni, vyote vimelala kuelekea mkiani. Juu ya kila kijimeno kuna vijifereji. Mafundi seremala wa zamani, katika nchi nyingi, walikausha ngozi hiyo na kuitumia kama msasa.

Wanasayansi waliichukulia ngozi hiyo kwa uzito. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa wakipima vijifereji vya namna hiyo na kuona kwamba vinaweza kupunguza msuguano wa hewa au maji yanayopita juu ya kitu. Mwaka 1987 boti ya Marekani, Stars & Stripes, ilibandikwa karatasi yenye vijifereji hivyo na ikatwaa Kombe la Amerika, shindano kubwa la boti za tanga. Leo zipo hata ndege za abiria zilizobandikwa ngozi bandia ya papa ili kuokoa mafuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Fiona Fairhurst, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa kampuni ya Speedo na aliyewahi kuogelea kwa mashindano, alikwenda Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London kuangalia papa waliohifadhiwa. Mpaka wakati huo mawazo ya watengenezaji wengi yalikuwa kwamba kitambaa kizuri ni kile laini na vazi zuri ni lile dogo. Papa alimwonyesha kinyume chake: samaki mwenye kasi, na ngozi yake inakwaruza. Kutokana na wazo hilo likazaliwa vazi la Fastskin, lililofunika mwili karibu wote, likiwa na michirizi kwenye kitambaa.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Winga anayekimbia na mpira hausikii upepo unaomzuia. Mwogeleaji anausikia ukuta kila sekunde. Ndiyo maana watu hawa hunyoa mwili mzima kabla ya fainali, na ndiyo maana mtu akiwaambia kuna nguo ya kuwapunguzia ukuta huo hata kidogo, watauza ng'ombe.

Sydney: mkunga na papa bwawa moja

Fastskin iliingia kwa kishindo Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Waogeleaji walitoka vyumbani wamefunikwa kuanzia shingoni hadi vifundoni, kama wazamiaji. Wengi wa waliopanda jukwaani kuchukua medali walikuwa wamevaa vazi hilo, na matangazo ya biashara hayakuwaacha watu wapumue. Ian Thorpe wa Australia, nyota wa nyumbani, naye alivaa suti ya mwili mzima, ila ya Adidas.

Katika bwawa hilo hilo alitokea kijana wa Guinea ya Ikweta aliyevaa bukta ya kawaida ya kuogelea. Eric Moussambani alikuwa amejifunza kuogelea miezi minane tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 mpaka alipofika Sydney. Alipata nafasi kupitia mpango wa kuzipa nchi zinazoendelea viti bila kufikia viwango. Kwenye mchujo wa mita 100 mtindo huru walipangwa watu watatu. Wawili waliruka kabla ya ishara, wakaondolewa. Akabaki peke yake.

Alikwenda vizuri mita 50 za kwanza. Kurudi ikawa vita. Mita za mwisho alikuwa kama anaipanda ngazi isiyoonekana, na uwanja mzima umesimama kumshangilia. Alimaliza kwa dakika 1 sekunde 52.72, muda ambao bingwa wa mbio hizo, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, angeogelea mita 200 na kubakiza sekunde za kupumzika. Waandishi wakambatiza jina la "Eric Mkunga", samaki mrefu kama nyoka. Kwa hiyo Sydney kulikuwa na papa waliotengenezwa kiwandani na mkunga mmoja aliyetengenezwa hotelini.

Beijing: rekodi kama njugu

Miaka minane baadaye mambo yakabadilika kabisa. Februari 2008 Speedo ilizindua LZR Racer. Safari hii NASA walihusika moja kwa moja, vitambaa vikipimwa kwenye handaki lao la upepo. Mishono iliondolewa, vipande vikaunganishwa kwa mawimbi ya sauti. Juu ya kitambaa vikabandikwa vipande vya poliyurithani, aina ya plastiki, kifuani, tumboni na mapajani. Kuivaa tu kulikuwa mazoezi: ilichukua karibu nusu saa, na wengi walihitaji msaidizi wa kuwavuta.

Rekodi zikaanza kudondoka kabla hata ya Olimpiki. Wajapani walikuwa na mikataba na kampuni za kwao, na bingwa wao wa mtindo wa chura, Kosuke Kitajima, alikuwa mtu wa Mizuno. Juni 2008 aliruhusiwa kuijaribu LZR, akavunja rekodi ya dunia ya mita 200 kwa dakika 2 sekunde 07.51. Katika mashindano hayo hayo alionekana na fulana iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba mwogeleaji ni yeye. Ujumbe ulifika: mnaongelea nguo mpaka mmenisahau mimi niliyemo ndani.

Beijing zilivunjwa rekodi 25 za dunia, na 23 kati ya hizo zilivunjwa na watu waliovaa LZR. Michael Phelps alichukua dhahabu nane. Moja ya hizo, mita 100 mtindo wa kipepeo, aliipata kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59 za Milorad Čavić wa Serbia. Tofauti ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtanzania anayeona hilo ni jambo dogo akumbuke Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alivyotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa sehemu tatu za mia ya sekunde mbele ya Mjerumani Amanal Petros, baada ya kilomita 42.

Katika fainali hiyo ya kipepeo alikuwemo Mkenya. Jason Dunford alikuwa ameshtua watu kwenye mchujo kwa kuogelea sekunde 51.14, rekodi ya Olimpiki, ingawa Čavić aliifuta jioni ile ile. Dunford alimaliza wa tano kwa 51.47. Ukanda wetu haukuwahi kumpeleka mtu mbali hivyo kwenye bwawa la Olimpiki. Jirani wa kusini, Kirsty Coventry wa Zimbabwe, ambaye sasa ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliondoka Beijing na dhahabu moja na fedha tatu. Tanzania iliwakilishwa na Khalid Rushaka na Magdalena Moshi katika mita 50 mtindo huru, mbio za kwenda bwawa zima mara moja bila kugeuka.

Roma: papa amekufa, plastiki imebaki

Baada ya Beijing kila kampuni ilitaka LZR yake. Kama Speedo waliweka vipande vya plastiki, kwa nini wengine wasiweke suti nzima? Arena wakaja na X-Glide, Waitaliano wakaja na Jaked. Hapo tena habari ya papa ilikuwa imekwisha. Lilikuwa gamba la plastiki lisilopitisha maji, linalombana mtu mpaka anakuwa mwembamba na mgumu kama nguzo, na linalomsaidia kuelea. Mtu akielea juu zaidi, sehemu ndogo ya mwili inabaki kupigana na maji. Mwogeleaji mwenye misuli mizito au tumbo lisilokaa vizuri alinufaika kuliko yule aliyejaliwa umbo la samaki tangu kuzaliwa.

Mashindano ya dunia ya Roma, Julai 2009, yakawa kichekesho. Rekodi 43 za dunia zilivunjwa ndani ya siku nane. Watazamaji walifikia hatua ya kutoshangaa. Mmarekani Ricky Berens suti ilimchanikia makalioni wakati anaruka kwenye mbio za kupokezana, akaogelea hivyo hivyo dunia nzima ikitazama. Kubwa zaidi lilikuwa mita 200 mtindo huru: Paul Biedermann wa Ujerumani, ndani ya X-Glide, alimshinda Phelps aliyekuwa ndani ya LZR ya mwaka uliopita. Muda ulikuwa dakika 1 sekunde 42.00, na Phelps aliachwa kwa zaidi ya sekunde nzima. Kocha wake, Bob Bowman, akatishia kumwondoa Phelps kwenye mashindano ya kimataifa mpaka suti hizo ziondolewe. Haki yake kulalamika, ila ukweli ni kwamba mwaka mmoja kabla, suti nzuri ilipokuwa mwilini mwa mtu wake, hakuna aliyemsikia akilia.

Shirikisho la kuogelea la dunia, wakati huo likiitwa FINA, likasalimu amri. Kuanzia Januari 1, 2010, mwanaume anavaa kutoka kiunoni hadi magotini tu, mwanamke kutoka mabegani hadi magotini. Kitambaa kiwe cha kufumwa na kipitishe maji, zipu hakuna, na suti lazima iwe imeidhinishwa. Rekodi za nyuma hazikufutwa. Ndiyo maana Michezo ya Paris 2024 ilimalizika ile 1:42.00 ya Biedermann ikiwa bado haijaguswa, miaka 15 baadaye, na vijana wenye vipaji vya ajabu wamepita wakiigonga bila kuivunja.

Wapenda kandanda nao walionjeshwa mambo hayo hayo miezi mitano baadaye. Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 lilichezwa kwa Jabulani, mpira wa vipande vinane uliotengenezwa kwa hesabu kali mpaka ukawa unayumba hewani kama umelewa. Makipa walilalamika mashindano mazima. Wakati huo nako NASA waliupima na kueleza kwa nini unayumba. Tofauti ni kwamba Jabulani iliwasumbua timu zote mbili uwanjani. Suti ilimsaidia aliyeweza kuipata.

Papa mwenyewe alisemaje

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Johannes Oeffner na George Lauder, waliamua kumaliza ubishi kwa kumpima papa mwenyewe. Walichukua ngozi halisi, wakaibandika kwenye bapa linalopinda-pinda kama mkia ndani ya tangi la maji, na kupima linavyosonga. Kisha wakaipiga msasa ngozi ile mpaka vijimeno vikaisha, wakapima tena.

Ngozi yenye vijimeno ilikwenda kasi zaidi kwa wastani wa asilimia 12. Lakini ilifanya hivyo pale tu ilipokuwa inapinda kama samaki anavyopinda. Ilipobandikwa kwenye kitu kigumu kisichopinda, faida haikuonekana. Kitambaa cha suti ya Speedo nacho kilipimwa, upande wenye michirizi ukiwa nje na baadaye ukigeuzwa ndani. Michirizi haikuongeza kasi.

Kwa lugha ya kijiweni: papa kweli ana siri, ila siri hiyo inafanya kazi kwenye mwili wa papa. Binadamu hapindi kiuno kama mkia, na sehemu kubwa ya ukuta wa maji anaopambana nao haitokani na msuguano wa ngozi. Inatokana na umbo lake na mawimbi anayoyatibua mwenyewe. Suti zilizovunja rekodi zilimsaidia kwa kumbana, kumnyoosha na kumwelesha. Papa alikuwa kwenye tangazo tu.

Haina maana kwamba kuiga viumbe ni upuuzi. Waogeleaji wenyewe wanaogelea chura na kipepeo. Ute wa samaki, ule ule unaomfanya kambare achomoke mkononi, umepimwa maabara tangu miaka ya 1970, na wa baadhi ya samaki umeonekana kupunguza msuguano wa maji. Mabaharia wa pwani yetu hawakusubiri maabara. Mbao za majahazi zilipakwa sifa, mafuta yanayotokana na maini ya papa, ili zisioze, na sehemu inayokaa majini ikapakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wasiitoboe na chombo kiteleze. Nahodha wa zamani wa Zanzibar angeielewa Fastskin kwa sentensi moja, kisha angeuliza bei.

Bei ndiyo kaa la moto

LZR iliuzwa kwa takriban dola 550 za Marekani mwaka 2008. Suti za leo zinazokubalika kisheria, zile za kiwango cha juu, bado ni mamia ya dola, na hazidumu: mbio chache tu, kitambaa kinalegea. Klabu ya mpira ya daraja la chini inaweza kununua jezi za kikosi kizima kwa bei ya suti chache za namna hiyo.

Faida yake ni kiasi gani? Makadirio mengi ya zama za suti za plastiki yanazungumzia asilimia 1 hadi 2. Kwa mtu anayeogelea mita 100 kwa sekunde 48, asilimia 2 ni karibu sekunde nzima, na sekunde nzima ni tofauti kati ya dhahabu na kutoonekana kwenye fainali. Kwa wa juu kabisa, basi, suti ni suala la kufa na kupona. Kwa anayeanza, ni pambo.

Tanzania iliwapeleka Collins Saliboko na Sophia Latiff kuogelea Paris 2024, kama ilivyowapeleka Hilal Hilal na Magdalena Moshi kule Rio 2016. Hakuna mwogeleaji wa Tanzania aliyewahi kupata medali ya Olimpiki, na pengo la kwenda kwenye fainali halijawahi kuwa la asilimia 2. Ni pengo la maji ya kuogelea. Ukitoka Chitete ukashuka na Mto Momba hadi Rukwa utakuta ziwa kubwa, lenye samaki wa kutosha. Lina mamba na viboko pia. Mzazi wa huko anayemkataza mtoto kuingia majini anamwokoa, na hakuna suti itakayombadilisha mawazo.

Moussambani hakuacha kuogelea baada ya kuchekwa Sydney. Alitafuta mazoezi ya kweli, na kufikia mwaka 2004 alikuwa anaogelea mita 100 chini ya sekunde 57. Yaani alipunguza karibu sekunde 56 kutoka muda wake wa Sydney, kitu ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kuahidi. Olimpiki ya Athens hakwenda kwa sababu ya mkanganyiko wa viza. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya kuogelea, na nchi yake, ambayo mwaka 2000 haikuwa na bwawa la mita 50 hata moja, sasa inayo mawili: moja Malabo, jingine Bata.